Na Yule Mama wa Usafi, Kabadilishana na Nani?

Wadau, nimepotea kidogo hapa kibarazani, mnisamehe. Kazi za watu hizi. Leo nimerudi na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni na filamu ya mwaka 1976. Msicheke. Someni kwanza, halafu mtaniambia kama nimechanganyikiwa.

Iko hivi. Mimi bado ni mkazi wa chumba cha uani kwa sista wangu, Tegeta, upande wa Wazo, kule ambako ukitoka nyumbani na kiatu cheusi unafika kituoni na kiatu cha kijivu. Jumapili moja jioni shemeji alirudi na flashi aliyojaziwa muvi na vijana wa pale Kibaoni. Kwa kuwa watoto walikuwepo sebuleni, akachagua ya Disney. Freaky Friday. Siyo ile ya 2003 ya Lindsay Lohan na Jamie Lee Curtis ambayo wengi wetu tuliiona utotoni. Hii ni ile ya kwanza kabisa, ya 1976, Jodie Foster akiwa binti mdogo na Barbara Harris akiwa mama yake.

Kwa ambao hamjaiona, kisa chenyewe ni chepesi. Mama na binti yake wa miaka 13 wanazozana asubuhi. Ni Ijumaa ya tarehe 13, siku ambayo Wazungu wanaiogopa kama sisi tunavyoogopa bundi juu ya bati. Kila mmoja, kwa wakati uleule, anatamani maisha ya mwenzake. Mara puu! Roho ya mama imo kwenye mwili wa binti, na ya binti imo kwenye mwili wa mama. Binti aliyedhani mama anashinda nyumbani akila raha anakutana na mashine ya kufulia inayomshinda, watu wa kusafisha zulia, na mume anayetaka chakula cha wageni 25 siku hiyohiyo. Mama aliyedhani shule ni mchezo anakutana na darasa la kupiga chapa, na mpira wa magongo ambao anakwenda kuifungia timu pinzani. Tulicheka. Shemeji alicheka mpaka akakohoa.

Sasa, katika nyumba ile yumo mama mmoja wa kufanya usafi. Anaitwa Bi Schmauss, ameigizwa na Patsy Kelly. Anaingia, analalamika, tunamcheka, basi. Kwenye kitabu ambacho filamu imetokana nacho, kilichoandikwa na Mary Rodgers mwaka 1972, mama huyu anafukuzwa kazi siku hiyohiyo na binti aliye ndani ya mwili wa bosi. Simfanyi malaika, kwenye kitabu ana maneno ya hovyo. Lakini mtoto wa miaka 13 anamfukuza kazi mtu mzima, na hadithi inaendelea kama vile kilichotolewa nje ni takataka.

Hapa kwetu naye yupo dada wa kazi. Simtaji jina, jina ni lake. Aliiangalia ile filamu akiwa amekaa mlangoni, nusu sebuleni nusu koridoni, kwa sababu jikoni kulikuwa na wali. Kiingereza hakimpandi, kwa hiyo mpwa wangu wa darasa la nne alikuwa Lufufu wake, anamtafsiria vipande vipande, na kuongezea chumvi panapobidi.

Filamu ilipoisha sista akauliza swali la kunogesha: kila mtu angebadilishana na nani? Mpwa akasema Samatta. Shemeji akasema bosi wake, kwa wiki moja tu, ili ajisainie likizo. Sista akasema angebadilishana na shemeji, "na yeye aonje." Mimi nikasema mhariri wangu. Tukacheka tena.

Ndipo dada akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua:

"Anko, na yule mama wa usafi, yeye kabadilishana na nani?"

Kimya. Sista akamwambia, "Hebu kaangalie wali usiungue." Akaenda. Nami nimebaki na lile swali mpaka leo.

Wadau, nina shahada. Nimesoma chuo kikuu, nimekaa kwenye mihadhara ya nadharia za mawasiliano, nimeandika tasnifu. Ile filamu nimeiona mara mbili maishani, sikuwahi kujiuliza swali hilo. Aliyejiuliza ni msichana aliyeishia darasa la saba, akiangalia kwa tafsiri ya mtoto, sikio moja likiwa kwenye sufuria. Alijiuliza kwa sababu alikuwa anamtafuta mtu wake kwenye picha. Mimi nilikuwa nimeshampata wangu.

Nikaanza kuzifuatilia filamu za aina hii. Babu yao ni kitabu cha Mwingereza F. Anstey, Vice Versa, cha mwaka 1882: baba mfanyabiashara anaingia mwili wa mwanawe wa shule, mtoto anaingia mwili wa baba. Peter Ustinov akakifanya filamu mwaka 1948, Hollywood nao wakairudia hadithi mwaka 1988. Kuna Turnabout ya 1940, mume na mke. Kuna hii ya 1976, mama na binti. Ya 2003, mama na binti tena. Mwaka 2025 wakatoa Freakier Friday, safari hii wakabadilishana watu wanne. Wanne! Na wote wanne ni wa familia, au wako mbioni kuwa familia.

Hesabuni wenyewe. Baba kwa mwana, mama kwa binti, mume kwa mke. Wote wanakula meza moja. Wanabadilishana viti, halafu tunaambiwa tumejifunza kuvaa viatu vya wengine. Anayepika na kuosha vyombo vya meza hiyo hayumo kwenye mchezo.

Hata uchawi wenyewe nimeuchunguza. Kwenye Vice Versa ya zamani ni jiwe lililotoka India. Kwenye Turnabout ni sanamu, nayo ya Kihindi. Kwenye Vice Versa ya 1988 ni fuvu lililotoka Thailand. Mwaka 2003 ni biskuti za mgahawa wa Kichina. Yaani ndoto za watu wa Ulaya na Marekani zinatimizwa na miujiza ya watu wa mbali, na hakuna anayewauliza wenye muujiza wanatamani nini. Uchawi nao una dada wa kazi.

Kuna atakayesema: acha kuchonga, hiyo ni komedi ya watoto, inataka kuchekesha tu. Sawa. Lakini komedi ndiyo inayotuonyesha nani tunamhesabu kuwa mtu. Unamcheka mtu halafu unamwonea huruma, huyo ni mtu kwako. Unamcheka halafu humuulizi aliko, huyo kwako ni fanicha. Na wala siyo kwamba haiwezekani kuandika vingine. Mark Twain mwaka 1881 alimchukua mtoto wa mfalme na mtoto wa fukara, akawabadilisha nguo tu, wala hakuhitaji jiwe la uchawi, na mtoto wa mfalme akaionja London ya makabwela. Wajapani mwaka 2016 walitoa Your Name, katuni ya binti wa mji mdogo wa milimani na mvulana wa Tokyo. Inawezekana. Ila hawa wote wanaishi mbali na mbali. Kumbadilisha bosi na anayemfulia, ndani ya paa moja, ndiko ambako waandishi wanakimbia. Na mimi nadhani najua kwa nini. Mtoto wa mfalme akishaonja ufukara anarudi ikulu akiwa mfalme mwema, tunapiga makofi. Mama mwenye nyumba akionja siku moja ya dada wa kazi, akirudi mwilini mwake itabidi afungue pochi.

Haya, tuje kwetu. Msidhani jambo hili ni la Wazungu. Sisi tuna methali tatu nzima zinazosema kile ambacho Disney walihitaji filamu ndefu kukisema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tunazijua tangu shule ya msingi, tunazinukuu kwenye vikao vya harusi. Lakini niambieni, mara ya mwisho kuitumia mojawapo kuhusu dada wa kazi ilikuwa lini? Tunazitumia kujitetea sisi. Hujui kunguni wa kitanda changu, ndugu yangu, maisha magumu. Kitanda cha dada hatukitaji, labda kwa sababu mara nyingi ni godoro chini, chumbani kwa watoto.

Na suala la mwili mmoja kukaliwa na mwingine, uswahilini kwetu lilikuwepo kabla Walt Disney hajazaliwa. Pepo anapanda kichwani, na aliyepandwa anaitwa kiti. Mama wa watu aliyekaa kimya ndani ya nyumba miaka kumi, siku pepo akipanda, anaunguruma: nataka ubani, nataka marashi, nataka kanga mpya, na huyu mume aache kurudi usiku wa manane. Mume yuleyule ambaye akiombwa kanga na mkewe hana hela, akidaiwa na pepo anazipata. Sikwambii uamini wala usiamini. Nakwambia bibi zetu walijua kazi ya mwili kuazimwa: asiyesikilizwa apate kusikilizwa.

Wenzetu wa Bongo Movie waliurithi utajiri huo wakaufanyia nini? Wakatutisha. Kuanzia enzi za Shumileta ya Mussa Banzi mwaka 2005, jini wa kike mwenye sura ya mrembo, tumepewa majini, makaburi na meno marefu mpaka tumezoea. Sizibezi, kuna usiku nilishindwa kwenda chooni peke yangu kwa ajili yao. Lakini dada wa kazi kwenye muvi zetu mara ngapi si yule yule? Mshamba anayeshangaa friji. Mwizi wa mume. Aliyetumwa na mganga kuweka dawa kwenye chai. Ukiona beki tatu ameingia kwenye fremu, jua ama utacheka ama nyumba itavunjika. Bi Schmauss wa Kibongo, basi, tofauti ni kanga.

Sasa niwape hesabu, maana mimi ni ripota, bila namba silali.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Inasema mtu apate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Inasema likizo ya siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Haijaandika "isipokuwa Tegeta." Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida anayelala kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 30: shilingi 2,000 kwa siku. Tusizungumzie hata nyongeza za baadaye, tubaki na hiyo.

Dada wa kwetu anaamka saa 10:30 alfajiri, kwa sababu basi la shule linawabeba watoto giza likiwepo. Uji, chai, maji ya kuoga, sare, viatu. Anapanda kitandani saa 4:30 usiku, shemeji akishakula. Hizo ni saa 18. Mara siku saba, saa 126 kwa wiki. Najua utasema hafanyi kazi muda wote, mchana anaangalia tamthilia. Haya, toa nusu nzima, mpe tamthilia nusu ya maisha yake. Zinabaki 63. Bado zimepita za sheria kwa saa 18. Na mshahara ni elfu hamsini. Siku ya mapumziko haina jina. Likizo ni msiba, akifiwa anakwenda.

Mnasema, huyu kamsema sista wake hadharani. Ngojeni nijiseme mimi.

Niliwahi kuandika makala ndefu kuhusu haki za wafanyakazi wa majumbani. Ilitoka na picha. Nilihoji ofisa, nilihoji mwanaharakati, nilinukuu sheria hiihii. Watu walinipigia simu kunipongeza. Shati nililovaa siku ya mahojiano lilipigwa pasi na dada, saa 11 alfajiri, bila mimi kuomba, kwa sababu nilishaacha kuomba siku nyingi. Nililikuta limetundikwa. Katika makala nzima sikumuuliza yeye swali hata moja. Nilipanda daladala kwenda mjini kutafuta mfanyakazi wa nyumbani wa kumhoji, na niliyemwacha nyumbani ananiandalia shati.

Siku ile filamu inaisha nikasema ningebadilishana na mhariri. Uongo. Kubadilishana na mtu aliye juu yako siyo mtihani, kila mtu anataka. Mtihani ni wa chini.

Najua hoja mtakazonijibu, maana nimezisikia zote sebuleni.

Ya kwanza: "Huyu kwetu ni kama mtoto wa nyumbani." Kama mtoto? Watoto wa nyumbani wako shule. Hilo neno "dada" lenyewe tulitazame vizuri. Dada ni nduguyo. Ukimwita dada hutakiwi kumlipa, kwa sababu nani anamlipa dada yake kwa kupika? Na hutakiwi kumpa likizo, kwa sababu nani anachukua likizo kutoka kwenye ukoo? Tumechukua neno tamu kuliko yote la familia tukalifanya kitambaa cha kufunikia mkataba ambao haupo.

Ya pili: "Kwao hali ni mbaya zaidi." Pengine. Njaa ya kwao si kipimo cha mshahara wa kwetu.

Ya tatu ndiyo nzito, na siichezei: "Mshahara wangu mwenyewe hautoshi." Ni kweli. Sista anaondoka nyumbani saa 11:30 alfajiri ili awahi kazini, anarudi saa 2 usiku, na bila mtu wa kubaki na mtoto mdogo hawezi kufanya kazi kabisa. Yeye siye tajiri wa kwenye muvi. Mimi mwenyewe nimefanya kazi chumba cha habari ambako unalipwa kwa habari iliyotoka. Isiyotoka umefanya ibada. Tukidai, tunaambiwa hali ya soko ngumu, sisi hapa ni familia, kuna vijana wengi mtaani wanaoitaka nafasi yako. Soma tena sentensi hiyo. Neno kwa neno ndiyo tunayomwambia dada. Sisi ni familia. Hali ngumu. Wako wengi.

Kwa hiyo miili ilishabadilishwa zamani, wadau. Saa 3 asubuhi ofisini mimi ni Bi Schmauss. Saa 2 usiku nikifika Tegeta navua, navaa ubosi, naitisha maji ya kuoga. Tunapita kwenye miili yote miwili kila siku ya Mungu, na bado hatujifunzi. Mama na binti wa Disney walihitaji siku moja tu.

Basi ombi langu kwa waandishi wa filamu wa Bongo ni moja. Hamhitaji bajeti ya Hollywood. Hamhitaji hata meno marefu. Chukueni nyumba moja ya Tegeta yenye geti jeusi na tangi la maji. Alhamisi usiku mama mwenye nyumba na dada wa kazi watamani kwa pamoja. Ijumaa alfajiri, saa 10:30, mama aamke kwenye godoro la chini chumbani kwa watoto. Achote maji, apike uji, atafute soksi moja iliyopotea, aitwe mara nane kabla jua halijachomoza. Na dada aamke kwenye kitanda kikubwa, aende kwenye ofisi ambako bosi anamfokea mbele ya wenzake, agundue kwamba mama naye analia chooni kazini. Tucheke mpaka tukohoe. Halafu mwisho wakirudi kwenye miili yao, msikatishe filamu kwenye kukumbatiana. Nataka kuona tarehe 30. Nataka kuona bahasha.

Mtauliza, wewe umefanya nini zaidi ya kuchonga? Kidogo. Nguo zangu nafua na kupiga pasi mwenyewe, na si vizuri, kola inakataa. Nilimpelekea sista ile hesabu ya saa 126. Alinijibu, "Unalala bure kwangu, unanifundisha sheria?" Na hapo alinipata, kwa sababu ni kweli nalala bure. Kwa hiyo sasa natoa elfu ishirini kila mwezi, na tumekubaliana inakwenda moja kwa moja kwa dada. Sabini. Jumapili kuanzia saa 4 asubuhi mpaka jioni ni yake. Bado haijafika saa 24, bado tunazozana, na kuna Jumapili mbili wageni walikuja na makubaliano yakasahaulika. Sijashinda. Sista ananinunia kwa zamu.

Jumapili iliyopita dada alitoka. Alivaa vizuri, akaaga, "Anko, nakwenda." Nikataka kumuuliza anakwenda wapi, nikajizuia. Siku ile Bi mkubwa aliingia jikoni, shemeji akaosha vyombo, mimi nikapewa kitunguu. Wali uliungua.

Naomba kutoa hoja.